Nimelipia pampu ya joto ya ardhini 2025, fundi kamaliza Januari 2026. Ile asilimia 30 ya kodi naipata au imeniponyoka?

#1 Mkazi wa Baridi (Minnesota)
Wakuu salaam. Naomba wanaozijua kodi za Marekani wanisaidie, maana huku kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji, bomba la gesi halijafika, tulikuwa tunatumia tangi la propeni. Bili ya majira ya baridi ilikuwa inauma. Mwaka jana tukaamua kufunga pampu ya joto ya ardhini, hizi za kuchimbiwa visima uani, wakapitisha mabomba ya plastiki yenye maji, kisha mashine ndani ya nyumba inavuta joto la chini na kulisambaza vyumbani. Kiangazi inageuza kazi, inatoa joto ndani na kulirudisha ardhini.

Kilichotushawishi ni nafuu ya kodi ya serikali kuu, asilimia 30 ya gharama. Mkataba tulisaini Septemba 2025. Visima vikachimbwa Novemba. Kabla ya Krismasi tulikuwa tumeshalipa karibu pesa yote. Mashine ya ndani ikachelewa, ikaja kufungwa na kuwashwa Januari.

Sasa kwenye ritani ya 2025 nadai au sidai? Gharama ni dola 38,000, siyo pesa ya kuiachia hivi hivi. Kampuni iliyotufungia inasema "dai tu, ulilipa 2025".

#2 Kitochi (Temeke)
Dola 38,000 kutafuta joto? Huku kwetu tunaligawa bure, njooni na ndoo.

Naweka kambi hapa.

#3 Bwana Hesabu (Houston)
Mkuu dai. Mtu wa kawaida anafaili kwa kufuata tarehe pesa ilipotoka mfukoni. Sheria mpya inazuia *matumizi* yaliyofanywa baada ya 31 Desemba 2025. Wewe matumizi yako yalifanyika kabla. Tunza risiti, basi.

#4 Nyundo ya Kodi (Maryland)
Bwana Hesabu, usimpeleke mwenzio kwenye mdomo wa mamba.

Nafuu hii iko kifungu cha 25D cha sheria ya kodi. Ile sheria ya Agosti 2022 iliipa asilimia 30 mpaka mwisho wa 2032, kisha 26 mwaka 2033 na 22 mwaka 2034. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikaikata shingo: hakuna tena kwa matumizi ya baada ya 31 Desemba 2025. Hapo tuko pamoja. Ila kifungu chenyewe, na hili halikuanza juzi, kinasema matumizi yanahesabiwa kuwa yamefanyika siku *ufungaji wa awali unapokamilika*. Siku ya kulipa haihusiki. Kwa nyumba mpya inayojengwa ni siku unapoanza kuitumia.

Agosti 2025 IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, walitoa majibu ya maswali wakalirudia hilo waziwazi: umelipa 2025 lakini ufungaji umekamilika 2026, hupati.

Pole sana mleta mada.

#5 Mama Zawadi (Dallas)
Jamani, sasa kama mtu amechimba, amelipa, mashine ndiyo imechelewa, kosa lake nini?

#6 Nyundo ya Kodi
Hana kosa lolote dada yangu. Ila IRS hawaulizi kosa, wanauliza tarehe.

#7 Mtu wa Naivasha
Niaje watu wa baridi. Mimi nashangaa mnalia na dola 38,000 na sisi tuko na jotoardhi Olkaria tangu 1981, mashine ya kwanza ilikuwa megawati 15 tu, saa hii tunalisha nchi. Si wangewachimbia kisima kimoja kirefu mpate mvuke mtaa mzima?

#8 Fundi Kibao (Columbus, Ohio)
Mtu wa Naivasha, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wengi wanavichanganya kwa sababu Wamarekani wenyewe wanaviita kwa jina moja.

Olkaria mnachimba kilomita mbili, tatu kwenda chini mnakutana na mvuke wa volkano, mnazungusha tabini. Hii ya Mkazi wa Baridi haina volkano. Kisima ni kama futi 150 mpaka 450, na ardhi ya huko haina moto wowote, iko baridi tu. Minnesota ukishuka futi thelathini unakuta nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, mwaka mzima haibadiliki sana. Lakini nje Januari ni hasi 20, kwa hiyo hizo nyuzi 8 ni utajiri. Mashine inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inakusanya joto dogo lililoenea, inalikandamiza, linatoka kali. Uniti moja ya umeme inakupa uniti tatu mpaka nne za joto. Tanuru la gesi hata liwe jipya vipi haliwezi kukupa zaidi ya kile ulichochoma.

Niko kwenye kazi hizi za vipoza hewa na tanuru muda mrefu, nimefunga za ardhini pia.

#9 Mtu wa Naivasha
Shukran fundi. Lakini pia Olkaria si umeme peke yake. Shamba la maua la Oserian lilikodi kisima kwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wakawa wanapasha moto greenhouse usiku, karibu hekta 50, ndio unyevu upungue na ukungu usile waridi. Hiyo ni heating, bana.

#10 Fundi Kibao
Hiyo sawa kabisa. Hapo joto linatumika moja kwa moja, pampu ya nini.

#11 Bwana Hesabu
Narudi kwa Nyundo (#4). Mbona nilisoma kwamba ukianza ujenzi kabla ya tarehe unalindwa? Watu wa sola walikuwa wanakimbizana "kuanza ujenzi", wengine wanalipa asilimia tano ya vifaa ili wawe ndani.

#12 Nyundo ya Kodi
Hizo ni kanuni za biashara na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, na hata huko hiyo asilimia tano wameibana. Nyumba ya kuishi haina "kuanza ujenzi".

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: pampu ya ardhini *kwa biashara* haikufa. Iko kifungu cha 48, na kazi ikianza kabla ya 2035 inaingia, ingawa miaka miwili ya mwisho kiwango kinashuka. Mfumo ulio chini ya megawati moja unapata asilimia 30 bila masharti ya viwango vya mishahara ya mafundi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kupangisha bado ana mlango. Aliyekosa ni yule anayelala ndani ya nyumba yake.

#13 Kitochi
Yaani landilodi anapewa, mwenye familia ananyimwa. Marekani na Temeke tofauti ni theluji tu.

#14 Mkazi wa Baridi
Nyundo, asante ingawa umeniharibia chakula cha mchana. Hebu niongeze la pili. Jana nimempigia mwenye kampuni nikamweleza hayo ya tarehe ya kukamilika. Akasema "hamna shida, nitakuandikia ankara inayosema kazi imekamilika 30 Desemba".

Mke wangu anasema kataa. Shemeji anasema chukua, nani atakuja kukagua?

#15 Nyundo ya Kodi
Msikilize mke wako.

Hiyo ni kughushi na saini iko chini ya jina lako wewe, siyo la kampuni. Minnesota huchimbi hivyo visima kienyeji, Idara ya Afya ya jimbo ndiyo inayotoa kibali na mchimbaji lazima awe na leseni. Ukaguzi wa umeme na mitambo una tarehe. Mashine ina namba na tarehe ya kusafirishwa. Ikipelekwa kwako Januari, ilifungwaje Desemba? Mkaguzi hata haendi mbali.

#16 Mama Zawadi
Na wengine humu makaratasi yao bado yako kwenye foleni ya uhamiaji. Usicheze na ritani ya kodi kwa ajili ya dola elfu kumi na moja. Kuna siku ya mahojiano ya uraia wanaifungua.

#17 Mnyalu Orijino (Makete)
Nakazia #16.

Halafu swali la nje ya mada: huku Makete mwezi wa sita tunaamka na barafu kwenye majani. Hii mashine ikija huku TRA watatupunguzia nini?

#18 Kitochi
Watakupunguzia usingizi.

#19 Fundi Kibao
Naomba nitofautiane kidogo na Nyundo, siyo kwenye kughushi, hapo niko naye. Kwenye kukamilika.

Mfumo huu una sehemu mbili. Kuna mabomba ya ardhini na kuna mashine ya ndani. Mabomba yakishazamishwa, kisima kikajazwa uji wa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa), mabomba yakaunganishwa kwa moto na kupimwa presha, kazi hiyo imekwisha. Inadumu miaka 50 na zaidi, wakati mashine ya ndani ni kama miaka 24. Ni mkandarasi mwingine kabisa mara nyingi. Kwa Mkazi wa Baridi sehemu hiyo ilikamilika Novemba 2025 na ililipwa 2025. Kwa nini asidai asilimia 30 ya visima peke yake? Ndiyo nusu ya gharama au zaidi.

#20 Bwana Hesabu
Hapo fundi umeongea. Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo.

#21 Kitochi
Wewe ulisema adai zote, tuliona.

#22 Nyundo ya Kodi
Fundi, hoja yako ina akili, na nimesikia wahasibu wawili wenye leseni wakibishania hilo hilo. Ninavyosoma mimi, sheria inazungumzia kifaa kinachotumia ardhi kupasha au kupoza nyumba, tena kitimize viwango vya Energy Star, ile alama ya serikali ya vifaa visivyokula nishati nyingi. Bomba lililolala chini bila mashine halipashi kitu na halina kiwango cha Energy Star. Kwa hiyo hakuna kilichokamilika Novemba isipokuwa shimo lenye bomba.

Upande wa pili wanasema gharama ya kuandaa eneo na kuunganisha ni sehemu ya matumizi yanayokubalika, na kila kitu kina siku yake. Mimi nisingeweka saini yangu ya muandaaji wa ritani hapo. Mwingine anaweza akaweka, akaambatisha maelezo ya wazi kwamba mashine iliwashwa Januari. Angalau hapo hajaficha.

#23 Mkazi wa Baridi
Mchanganuo wa ankara ninao: uchimbaji na mabomba ni dola 21,000, zilizobaki ni mashine, kazi ya ndani na marekebisho ya njia za hewa. Halafu kampuni ya umeme ilituahidi kuturudishia dola 4,000.

#24 Nyundo ya Kodi
Hizo 4,000 za kampuni ya umeme lazima uzitoe kwanza kwenye gharama. Watu wengi wanasahau. Hata kama yote ingekamilika Desemba, ungehesabu 34,000 mara asilimia 30, ni 10,200, siyo 11,400.

Na ujue nafuu hii hairudishwi taslimu. Inafuta kodi unayodaiwa tu, tena baada ya nafuu nyingine kama ya watoto kuchukua nafasi yake. Familia yenye watoto wanne na kipato cha kawaida inaweza ikawa inadaiwa dola elfu mbili. Iliyobaki sheria inaruhusu kuibeba mwaka unaofuata, na ndiyo kazi ya fomu 5695.

#25 Mama Zawadi
Hapo ndipo ninapochoka. Mimi na mume wangu tulipigiwa hesabu ya mfumo huu 2024. Muuzaji kaja na tabuleti, bei dola 46,000, halafu kwa wino mwekundu "BAADA YA KODI: 32,200". Nikamuuliza kama kodi yangu haifiki hiyo elfu kumi na tatu na mia nane itakuwaje? Akasema "itakuja tu". Itakuja kutoka wapi? Tukaacha, tukafunga pampu ya kawaida ya nje inayovuta joto la hewa.

Ile nayo ilikuwa na nafuu yake, asilimia 30 lakini ukomo dola 2,000. Tulipata zote. Nayo imekufa siku hiyo hiyo, 31 Desemba.

#26 Bwana Hesabu
Mama Zawadi umegusa penyewe. Mimi naamini ile asilimia 30 haikuwahi kuwa ya mwananchi. Ilikuwa ya kampuni. Wakijua serikali inatoa 30, bei inapanda 30. Jirani yangu alipewa bei Novemba, akasita, Februari kampuni ile ile ikamrudia na bei imeshuka kwa maelfu. Vifaa vile vile, kisima kile kile. Nafuu imeondoka na bei imejua njia ya kushuka.

#27 Fundi Kibao
Bwana Hesabu, Februari ni msimu mkavu kwa wachimbaji, kila mtu anashusha bei ili rigi, ule mtambo wa kuchimbia, isilale. Na mwishoni mwa mwaka jana kila mtu alikuwa anakimbilia tarehe 31, foleni mpaka barabarani, bei lazima ipande. Huwezi kulinganisha miezi hiyo miwili ukasema umegundua siri.

Gharama kubwa ni kuchimba. Rigi ni mali ya mamia ya maelfu ya dola, wachimbaji wenye leseni ni wachache, na wengi wanapenda visima vya maji kwa sababu vinalipa haraka.

#28 Bwana Hesabu
Kwa hiyo huko kwenye kampuni hakuna aliyekula?

#29 Fundi Kibao
Sijasema hivyo 😄

#30 Mlowezi (Gothenburg)
Nimefika kwa kuchelewa. Huku Uswidi hizi mashine ni kitu cha kawaida, nyumba mamia ya maelfu, hakuna anayekushangaa. Na bei iko chini sana kuliko hizo mnazotaja.

Msaada wa serikali huku unalenga kazi ya mikono, vifaa unalipa mwenyewe. Unapunguziwa asilimia 30 ya gharama ya kazi, ukomo kronor 50,000 kwa mtu kwa mwaka. Kuanzia 12 Mei mpaka mwisho wa 2025 waliipandisha kwa muda ikawa 50. Na fundi ndiye anayekukata moja kwa moja kwenye ankara, kisha yeye anaenda kudai kwa watu wa kodi. Wewe hubebi fomu wala hungoji Aprili. Hakuna kitu cha "BAADA YA KODI" kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo mimi naona bei za Marekani zinatokana na namna nafuu inavyotolewa. Kumpa mteja mwishoni kunamfanya muuzaji aringe na namba kubwa.

#31 Fundi Kibao
Mlowezi, mwamba wenu umewabeba. Uswidi unachimba kidogo tu unakutana na granaiti, kisima kinasimama chenyewe, maji ya ardhini yanajaa, mnazamisha bomba mnaondoka. Huku kwetu majimbo mengi yanadai ujaze kisima chote kwa bentonaiti au saruji kulinda maji ya kunywa, na udongo wa juu unaporomoka mpaka uweke mabomba ya chuma. Hiyo ni saa nyingi na malighafi. Ungewapa Waswidi udongo wa Ohio tungeona bei zao.

#32 Mlowezi
Skåne, kusini kwetu, kuna udongo na chokaa vile vile, na bado bei haifiki huko. Mimi nasema ni soko. Mkichimba vingi, bei inashuka.

#33 Mama Zawadi
Kwa hiyo bei ni kampuni, au mwamba, au soko, au serikali. Chagueni basi.

#34 Pwani Raha (Mombasa)
Jameni hii kitu inaweza kupoza? Maana mimi hapa Mombasa bili ya AC inataka kunihamisha. Kama Mama Zawadi yuko Dallas na joto ni la kupasua kichwa, si afadhali hii ya ardhini?

#35 Fundi Kibao
Inapoza. Ila hesabu ya kwako ni tofauti. Ukishuka mita kadhaa, ardhi inakaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali hapo. Minnesota wastani ni mdogo, kiangazi unapata ubaridi wa bure. Mombasa au Dar wastani ni kama nyuzi 26, na ardhi ni hivyo hivyo. Mashine itatupa joto kwenye nyuzi 26 badala ya hewa ya nyuzi 32. Kuna faida, ila ndogo, hailipi kisima. Na kwa kuwa hamna msimu wa baridi wa kulitoa lile joto, ardhi inaendelea kujaa mwaka hata mwaka. Dallas nako tatizo hilo wanalipigia hesabu, wanaongeza urefu wa visima.

Nunua AC ya invata, funga paa vizuri, paka rangi nyeupe.

#36 Pwani Raha
Sawa fundi, Mola akuzidishie. Rangi nyeupe naiweza.

#37 Mnyalu Orijino
Na Makete? Msinipite.

#38 Fundi Kibao
Makete hata kwa hesabu inakubali, mwaka mzima pana ubaridi wa wastani. Ila kwa nyumba ya kawaida, dari nzuri, madirisha yasiyopitisha upepo na jiko sanifu vitakusogeza mbali kabla hujafikiria pampu. Uko jirani na Mbeya, kule Ngozi na Kiejo-Mbaka kampuni ya jotoardhi ya serikali, TGDC, inahangaika na ile aina ya Naivasha.

#39 Mtu wa Naivasha
Na msisahau serikali zetu pia zinacheza na hizi nafuu. Kenya 2020 waliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, tukapigwa asilimia 14, 2021 wakaurudisha. Aliyenunua paneli katikati ya hiyo miezi analia mpaka leo. Mkazi wa Baridi, karibu kwenye chama.

#40 Kijana wa Mzee (Boston)
Hiyo ya Naivasha (#39) inanikumbusha: hii nafuu ya ardhini ilishawahi kufa ikafufuka. Mwaka 2008 waliianzisha na ukomo wa dola 2,000. Mwaka 2009 wakautoa ukomo. Mwisho wa 2015 Bunge liliongeza muda wa sola, ardhini wakaisahau, ikafa mwisho wa 2016. Mwaka mzima wa 2017 hakuna kitu. Kisha Februari 2018 wakairudisha, na wakairudisha *kwa nyuma*, hata waliofunga 2017 wakadai.

Kwa hiyo ndugu usichome risiti. Kaa nazo.

#41 Nyundo ya Kodi
Historia umeipatia. Lakini 2016 ilikufa kwa kusahauliwa, na waliokuwa wanaitetea walikuwa pande zote mbili za Bunge. Mara hii imeuawa kwa makusudi ili kupata pesa za kufidia punguzo nyingine za kodi. Aliyesahauliwa anaweza kukumbukwa.

#42 Kijana wa Mzee
Mimi sidhani ni makusudi dhidi ya ardhini. Walikuwa wanaipiga sola ya juu ya paa, na ardhini ipo nyumba moja nayo, kifungu kile kile cha 25D, ikaporomokewa na ukuta. Ushahidi ni huo huo ulioutoa #12: ya biashara wameiacha hai mpaka 2034. Mtu anayechukia pampu ya ardhini angeiacha?

#43 Bwana Hesabu
Wameiacha ya biashara kwa sababu biashara ina watu wa kuisemea Washington. Mwenye nyumba ana nani?

#44 Nyundo ya Kodi
Kila mmoja na tafsiri yake. Ila kuna jambo moja kwenye sheria ile ya Julai: iliondoa kikwazo kilichokuwa kinazuia kampuni kukodisha pampu za ardhini kwa wenye nyumba. Sasa kampuni inaweza kumiliki mfumo uani kwako, yenyewe ikachukua ile nafuu ya kifungu cha 48, wewe ukalipa kwa mwezi. Wenye nyumba wapya wataona sana matangazo ya namna hiyo. Dandelion, ile kampuni ya pampu za ardhini iliyotoka kwenye maabara ya Google mwaka 2017, ilishaingia na mjenzi Lennar kwenye nyumba zaidi ya 1,500 za Colorado.

#45 Mama Zawadi
Nikodishe shimo lililo kwenye uwanja wangu mwenyewe?! Na nikitaka kuuza nyumba?

#46 Nyundo ya Kodi
Ndiyo maana unausoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. Waliokodi sola za paani wanajua mnunuzi anavyokunja uso akisikia "kuna mkataba wa miaka ishirini".

#47 Kijana wa Mzee
Kuna njia nyingine jamani. Hapa karibu, Framingham, kampuni ya Eversource ilichimba visima ikapitisha bomba moja mtaani, majengo kama 36 yakaunganishwa, iliwashwa 2024. Shimo ni la kampuni kama lilivyo bomba la gesi, wewe unafunga mashine ndani tu. Chuo cha Ball State kule Indiana kina visima zaidi ya 3,600 na kiliacha makaa ya mawe kabisa. Tatizo letu tunataka kila mtu achimbe chake.

#48 Mchungaji Msaidizi (Minnesota)
Bwana asifiwe. Nimesoma kimya kimya. Kanisa letu la Waswahili tumenunua jengo la zamani, boila yake imekwisha. Sisi hatulipi kodi ya mapato. Hizo nafuu zinatuhusu?

#49 Nyundo ya Kodi
Amina mchungaji. Zinawahusu, na huenda kuliko wote humu. Tangu 2023 taasisi zisizolipa kodi, makanisa na misikiti ikiwemo, zinaweza kulipwa taslimu na IRS kiasi cha nafuu ya kifungu cha 48. Mfumo ukishaanza kufanya kazi mnajisajili kwenye tovuti yao, mnapata namba ya mradi, kisha mnafaili ritani hata kama hamjawahi kufaili. Pesa inakuja *baada*, kwa hiyo mnahitaji mkopo wa kati. Tafuta mhasibu aliyewahi kuifanya, usimpe muumini anayejitolea.

#50 Kitochi
Mchungaji kapata, landilodi kapata. Mkazi wa Baridi hamishia kanisa sebuleni.

#51 Mkazi wa Baridi
🤣 Kitochi utanifunga.

Nimerudi kutoa mrejesho. Ile ankara ya Desemba nimeikataa kwa maandishi, nimemwomba mwenye kampuni anipe yenye tarehe halisi, na mchanganuo unaotenga visima na mashine. Amekasirika kidogo. Nimempata mhasibu mwenye leseni, ameangalia hoja ya Fundi Kibao (#19) na ya Nyundo (#22). Anasema anaegemea kwa Nyundo lakini anataka wiki moja asome. Pia kaniuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza humu: mkataba una kipengele chochote kinachosema kazi itakamilika kabla ya mwisho wa mwaka? Nikaufungua. Upo mstari unaosema ufungaji utakamilika "ifikapo 15 Desemba 2025", na mwingine chini unaosema ucheleweshaji wa vifaa haumo kwenye ahadi hiyo.

#52 Bwana Hesabu
Basi kesi iko kwa kampuni, siyo IRS! Wao ndio walikuuza kwa asilimia 30.

#53 Nyundo ya Kodi
Inategemea huo mstari wa chini unavyosomeka na nani alijua nini lini. Kama waliagiza mashine kwa kuchelewa wao wenyewe, huo siyo ucheleweshaji wa kiwanda. Omba tarehe ya oda. Na kabla ya wakili, ongea nao wakupunguzie kile kipande cha mwisho ambacho hujalipa.

#54 Mama Zawadi
Na bili je? Hakuna aliyeuliza kama nyumba inapata joto.

#55 Mkazi wa Baridi
Dada, joto lipo, halina ubishi. Hata siku za hasi 25 watoto wanatembea na fulana. Umeme umepanda, propeni hatununui kabisa, na ukijumlisha tunalipa chini ya zamani. Fundi alinionya kwamba ningekuwa na gesi ya bomba tofauti ingekuwa ndogo mno, nadhani alisema kweli.

#56 Fundi Kibao
Kabisa. Penye gesi ya bomba mimi mwenyewe huwaambia wateja wafikirie mara mbili, na bila nafuu mara tatu. Penye propeni au mafuta, hata bila nafuu, kaa upige hesabu.

#57 Mnyalu Orijino
Hiyo rigi iliyochimba hapo kwako inauzwa bei gani ikiwa imetumika? Huku wilayani watu wanatafuta visima vya maji na mchimbaji anatoka Mbeya.

#58 Fundi Kibao
Mnyalu njoo inboksi, hilo nalo ni la uzi mwingine. Ila jiandae na ushuru wa bandarini.